Majina ya mawe ya baba

Mwezi uliopita tulikwenda Faza, kisiwani Pate, harusini kwa binti wa khalati yangu. Tuliondoka Lamu saa moja asubuhi maji yakianza kujaa, kwa sababu Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki kila saa. Maji yakipwa, boti hukaa kwenye tope katikati ya mikoko na abiria wakasubiri. Mama alikuwa amepakata sinia la visheti lililofungwa kanga mbili. Baba alikaa mbele kabisa, mahali pake pa siku zote, hata boti ikiwa si yake. Kaka yangu alikaa nyuma karibu na mashine.

Tulipotoka kwenye mikoko na ghuba ya Manda kufunguka mbele yetu, bandari ikatokea upande wa kushoto. Ukiwa umezoea kuona pwani hii ikiwa mstari mmoja wa kijani, zile kreni hukushtua hata mara ya hamsini. Watu wote botini waligeuza shingo.

Baba akanyoosha mkono. "Pale, chini ya kreni ya pili, ndipo nilipotoa samaki changu waliokulipia ada ya kidato cha pili."

Kaka akasema kwa sauti ya kushindana na mashine, "Na pale pale ndipo nilipopokea mshahara wangu wa kwanza."

Hakuna aliyejibu. Mama alianza kuuliza kama visheti vimeingia maji.

Naandika haya kwa sababu nimesoma makala nyingi kuhusu Lamu, na karibu zote huniambia kwamba mji wetu umegawanyika kati ya wanaotaka maendeleo na wanaoyakataa. Mimi nimezaliwa Langoni, nafundisha shule ya msingi Mokowe, navuka maji kila siku kwenda na kurudi. Mtu anayekataa maendeleo sijamwona. Ugomvi nilioukuta nyumbani kwetu tangu nikiwa msichana ulikuwa juu ya jambo jingine, na nimechelewa sana kulielewa.

Nianze na tarehe 2 Machi 2012. Siku hiyo Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja kuzindua mradi mkubwa wa bandari, reli, barabara na bomba la mafuta, unaojulikana kama LAPSSET. Tuliambiwa bandari itakuwa na gati 32. Ami yangu, kakake baba, alivaa kanzu mpya akaenda bara kushuhudia. Baba hakwenda. Alisema upepo ni mzuri, naye hawezi kuacha upepo mzuri kwa ajili ya hotuba.

Ami alirudi jioni akiwa na furaha niliyoiamini kabisa. Alikuwa na shamba Kililana, bara, mahali palipopangiwa bandari: mikorosho, minazi michache, na mahindi mwaka wa mvua. Katika baraza ya nyumba yetu, mbele ya kahawa, alisema wajukuu zake hawatalala tena njiani wakienda Mombasa. Na hilo halikuwa jambo dogo. Aliyekulia Lamu anaijua ile barabara ya Garsen kabla ya lami. Mvua za masika zikikata njia upande wa Gamba, basi linalala, na mgonjwa aliyemo ndani analala nalo. Mwaka mmoja tulimpeleka mama Mombasa na tumbo lililokuwa limemvimba, tukatumia mchana wote na sehemu ya usiku kufika. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ikawa ni kusafiri kwa misafara yenye ulinzi, na wavuvi wakazuiwa kwenda baharini usiku. Leo lami imefika. Nimeipita mwenyewe, na kila nikiipita namkumbuka ami na kanzu yake.

Shamba la ami lilikuwa na mipaka. Walikuja watu wenye vyombo vya kupimia, wakapiga vigingi, wakaandika. Wenye mashamba Kililana walilipwa shilingi milioni moja na nusu kwa ekari. Ami alinung'unika kwamba ni kidogo, akapigania mipaka yake na jirani hadi wakaacha kusalimiana, lakini mwishowe alishika fedha mkononi. Akajenga nyumba ya vyumba vinne Mokowe.

Baba alipiga hesabu zake. Alikuwa na mashua moja, nyavu za jarife mbili, mitego ya madema kumi na nane, na mawe yake. Ninaposema mawe, nazungumzia miamba iliyo chini ya maji, kila mmoja una jina na kila mmoja una samaki wake na majira yake. Mawe hayo hayamo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona. Mvuvi huyapata kwa kulinganisha mti fulani bara na ncha fulani ya kisiwa, kisha anashusha bildi kupima kina, na akikosea kidogo tu anarudi na dema tupu. Baba alifundishwa na babu, na babu na babake. Waliokuja kupima Kililana hawakuwa na kigingi cha kupiga baharini.

Hapo ndipo ugomvi wa baba na ami ulipoanza kweli. Ami alidhani baba anaipinga bandari kwa ukaidi wa wavuvi. Baba alidhani ndugu yake ameuza. Siku moja baba alimwambia barazani, mbele ya watu, "Wewe shamba lako lina karatasi. Langu mimi lina mai tu." Kisha akanyanyuka akaenda zake msikitini kabla ya adhana, jambo ambalo kwake ni sawa na kutukana.

Kwa miaka hawakula sinia moja. Hata Idi.

Mwaka ule ule wa 2012, watu wa Lamu walifungua kesi. Inaitwa kwa jina la Mohamed Ali Baadi, mmoja wa walioongoza, na ilisikizwa na Mahakama Kuu kule Malindi. Wazee walikuwa wakipanda basi kwenda mahakamani na kurudi wakasimulia barazani, na kila mmoja alisimulia kesi yake. Ilikaa miaka. Mimi nilimaliza chuo, nikaanza kazi, nikaolewa, kesi bado iko Malindi.

Hukumu ilikuja mwaka 2018. Majaji walisema watu wa Lamu hawakupewa habari za kutosha wala hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba haki zao za mazingira safi na za utamaduni zimevunjwa. Wavuvi karibu 4,600 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Nilikuwa darasani simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Nilitoka nje, nikampigia baba. Hakuniuliza ni fedha ngapi. Aliniuliza, "Wamesema uvuvi ni utamaduni?" Nikamwambia ndiyo, imeandikwa. Alikaa kimya, kisha akasema atanipigia baadaye, na hakunipigia.

Ingependeza kukomea hapo. Lakini gati la kwanza lilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021, miaka mitatu baada ya hukumu, wavuvi wakiwa bado wanasubiri. Baada ya hukumu yalifuata mazungumzo, rufaa, kukaa nje ya mahakama, na makubaliano kwamba asilimia 65 italipwa kwa fedha na 35 kwa vifaa na miradi ya uvuvi. Watu waligombana upya. Kuna waliotaka fedha zote taslimu, kuna waliosema fedha itaisha kwa bodaboda na harusi, bora boti za kwenda bahari kuu. Na kuna ugomvi mbaya kuliko wote, ule wa orodha.

Nataka kukaa kidogo kwenye orodha, kwa sababu hapa nina uchungu wangu mwenyewe.

Mama yangu amekaanga samaki Langoni kwa miaka ishirini na sita. Alfajiri alikuwa akishuka ufukweni kununua tafi na changu wadogo ambao matajiri wa samaki hawawataki, anawapasua, anawapaka ndimu, chumvi na pilipili, na jioni karai lake linatoa moshi kwenye kona ile ile. Ada ya kaka ilitoka pia kwenye karai. Sare yangu ya shule, karai. Maji ya ghuba yalipochafuka wakati wa kuchimba mlango wa meli, tafi walipungua na bei ikapanda, na mama alikuwa wa kwanza nyumbani kuona hasara, kabla hata ya baba. Baba angeweza kusogea mbali, akavue nje kwenye mawimbi. Mama angesogea wapi?

Walipokuja kuandikisha, mama alikwenda na kitambulisho chake. Kijana aliyekuwa mezani alimwuliza ana leseni ya uvuvi. Akasema hapana. Ana chombo? Hapana. Ana nyavu? Mama akamwambia, "Mwanangu, nina karai." Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na kijana akamwomba apishe wengine. Mama alinisimulia hayo usiku, akiwa anaosha lile karai, na hakulia. Nililia mimi.

Simlaumu yule kijana, alikuwa na fomu aliyopewa. Namlaumu aliyeichora fomu. Kama uvuvi ni utamaduni wa watu wa Amu, yaani Lamu, kama majaji walivyosema, basi hauanzi na kwisha ndani ya mashua. Yumo anayesuka madema kwa fito, yumo fundi wa mashua wa Matondoni, wamo wachuuzi, na wamo wanawake wa karai. Ushirikishwaji uliokosekana mwanzoni mwa mradi ulikosekana tena wakati wa kugawa haki, na mara hii sisi wenyewe tulikuwemo, wazee wetu walikuwemo katika kamati, na hawakusema neno juu ya mama zetu.

Kaka yangu ana hoja zake, na nimeahidi kumtendea haki. Alimaliza kidato cha nne na alama za wastani. Baba alitaka arithi mashua. Yeye alikwenda Magogoni, bandari inapojengwa, akapata kibarua cha kufunga vyuma wakati gati zikijengwa. Alikuwa na miaka ishirini. Alinunua godoro, kwanza la mama kisha lake. Alijifunza kusoma michoro ya ujenzi, na akirudi alituambia kwamba kila gati lina urefu wa mita 400 na kwamba meli itapata kina cha mita 17 na nusu. Baba alikokotoa kichwani kwa pima, kipimo cha kina cha wavuvi. "Pima tisa na nusu," akasema. Ndiyo siku pekee katika miaka ile niliyowaona wakizungumza juu ya bandari bila kukasirikiana.

Kazi ya ujenzi ilipoisha, vibarua wengi walirudi nyumbani, kaka akiwemo. Alikasirika kuliko baba. Hasira yake ni kwamba bandari haijajaa kazi kama tulivyoahidiwa, na kwamba nafasi zinapotokea zinataka vyeti ambavyo shule zetu hazikumwandaa kuvipata. Yeye angependa gati zote 32 zijengwe kesho, mradi vijana wa hapa wafundishwe leo kuendesha zile kreni. Akisema hivyo, baba husema, "Na samaki?" Naye kaka husema, "Na mimi?" Nimeyasikia maswali hayo mawili mara nyingi mno, na sijawahi kusikia mtu wa ofisi yoyote akija Langoni kuyajibu yote mawili katika kikao kimoja.

Makaa ya mawe ndiyo yaliyotuleta pamoja, kwa muda. Kampuni moja ilipanga kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 Kwasasi, bara, kaskazini mwa mji. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliutolea leseni mwaka 2016. Bomba la moshi lingekuwa na urefu wa mita 210. Mnara wa msikiti mrefu kuliko yote Lamu ungeonekana kama kijiti kando yake.

Ripoti ya athari za mazingira ilikuwa nene kama matofali mawili, na yote kwa Kiingereza. Baba alikuja na kurasa alizochapishiwa na kijana mmoja wa shirika la Save Lamu, akaniambia, "Mwalimu, tusomee." Basi kwa jioni tano nilikaa kwenye baraza ya wanaume, jambo lisilo la kawaida kwetu, nikiwa na buibui langu na kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari, nikageuza sentensi moja baada ya nyingine. Wazee walisikiliza kwa umakini ambao wanafunzi wangu hawajawahi kunipa. Nilipofika mahali palipozungumzia maji ya moto kurudishwa baharini, mzee mmoja aliuliza moto kiasi gani, na wakati wa kaskazi au wakati wa kusi, kwa sababu mkondo hubadilika. Ripoti haikuwa imeniandaa kwa swali hilo. Kila mara walipoandika kwamba madhara "yatapunguzwa", ami, aliyekuwa amerudi barazani kimyakimya tangu jioni ya pili, aliuliza, "Yatapunguzwa hadi wapi?"

Ndiyo, ami. Yule yule wa kanzu mpya. Aliuunga mkono mradi wa bandari na aliupinga mtambo, na hakuona mgongano wowote. Bandari inaleta meli, alisema, nasi ni watu wa meli tangu zamani. Majivu hatujawahi kuyafanyia biashara. Kaka naye alitembea kwenye maandamano akiwa na fulana aliyopewa bandarini.

Wapo waliousubiri mtambo ule kwa moyo wote. Jirani yetu mmoja alikuwa amekwisha kuweka ahadi ya kukodisha nyumba kwa wafanyakazi, na tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la kusikiza kesi za mazingira lilipoifuta ile leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, watu waliimba barabarani na yeye alifunga dirisha lake. Nilimwona. Asubuhi yake nilimpelekea mahamri na tukazungumza habari za watoto.

Baba na ami walikula sinia moja usiku wa hukumu ile. Hawakuombana radhi. Mama aliweka wali na mchuzi wa nguru, akaweka vijiko vya watu wawili upande mmoja, wakaketi.

Sasa nirudi kwenye ile boti ya Faza. Tulipokuwa tukirudi siku ya pili, nilikuwa na daftari mapajani. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiandika majina ya mawe ya baba. Wazo lilinijia siku niliyoelewa kwamba ami alilipwa mapema kwa sababu vigingi vyake vilionekana, na kwamba serikali yoyote, hata ikiwa na nia njema kuliko zote, italipia kile tu inachokiona kimeandikwa. Wanapozungumza juu ya gati zinazofuata, nataka siku hiyo kuwe na daftari. Nimepiga mistari: jina la jiwe, alama zake za bara, kina kwa pima, samaki wake, majira yake, na nani alikuwa akinunua samaki hao. Safu hiyo ya mwisho niliiongeza kwa ajili ya mama. Hadi sasa nina mawe arobaini na moja. Walimu wawili wa Kizingitini wameniambia wataanza na wazee wao.

Kaka alicheka nilipoanza. Sasa ndiye anayenisaidia zaidi, maana anajua meli za kuchimba zilipita wapi. Baba anataja jiwe, kaka anasema lipo au limekwenda, nami naandika. Mawe tisa nimeyawekea alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu. Baba hapendi kuutazama ukurasa huo, kwa hiyo huubana kwa kidole anapopekua.

Jiwe la arobaini na mbili wamelibishania tangu tulipoingia ghuba hadi tulipofika mikokoni. Liko ukingoni mwa mlango wa meli. Kaka anasema lilichimbwa, aliiona ile meli imesimama juu yake siku nne. Baba anasema meli haikusimama pale, ilisimama kusini yake kidogo, kwa sababu mbuyu wa bara usingeonekana kwa pembe ile. Mama alisema wote wawili wana kelele na kwamba jiwe lile lilikuwa na tafi wanono kuliko yote, aliwanunua miaka mingi, na tangu maji yachafuke hajawaona.

Nimeandika maneno ya mama kwenye safu yake. Safu ya kina bado iko tupu. Wamekubaliana kwenda na bildi maji mafu yajayo, mkondo ukiwa mdogo, wao wawili tu, kwa mashua ya baba, kama hawatafukuzwa.